Nzi wa ndizi anatueleza nini kuhusu virusi vinavyoshambulia ubongo wa mtu?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Nalifupisha: "Nilikuwa nafundisha kidato cha sita habari za virusi vya Zika, nikataja kwamba wapo watafiti wanaodunga virusi hivyo kwenye vile vijinzi vya matunda ili kuelewa ubongo wa binadamu. Darasa zima likacheka. Mmoja akauliza, nzi ana ubongo gani hata ulinganishwe na wa mtu? Mwingine akataka kujua kama vijinzi vinavyozunguka ndizi nyumbani vinaweza kutuletea ugonjwa huo. Sikuwa na jibu la kuridhisha. Nisaidie, na kama kuna jaribio dogo wanaloweza kulifanya shuleni, nielekeze."

Mwalimu, waliocheka wasilaumiwe. Hata miongoni mwa madaktari wapo wanaoguna wakisikia habari hizi. Ila swali la yule wa kwanza ndilo zuri kuliko yote, na nitakaa nalo zaidi.

Kwanza tumtambue mhusika, maana mkulima wa maembe akisikia "nzi wa matunda" anamfikiria adui mwingine kabisa, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na ambaye hutoboa embe zima na kutaga mayai ndani. Huyu wetu ni Drosophila melanogaster: milimita mbili hadi tatu, macho mekundu, hatoboi kitu. Anachofuata ni hamira inayochachusha tunda lililoiva kupita kiasi, ndiyo maana humkuti kwenye ndizi mbichi. Asili yake ni Afrika, kusini mwa bara, na mwaka 2018 watafiti waliripoti kumkuta porini kule Matopos, Zimbabwe, akila matunda ya mng'ongo yaliyoanguka chini. Kwa hiyo huyu mnyama wa maabara za Ulaya na Marekani ni wa kwetu tangu zamani.

Sasa ubongo wake. Ramani kamili ya ubongo wa nzi jike ilichapishwa mwaka 2024, na zikahesabiwa seli za neva zaidi ya 139,000. Mtu ana takriban bilioni 86. Kwa hesabu hiyo kicheko cha darasa ni halali. Lakini hakuna mtafiti anayetafuta hofu au kumbukumbu za mtu ndani ya kichwa cha nzi. Kinachotafutwa kipo chini zaidi, ndani ya seli moja moja. Huko tofauti inapungua sana: seli ya neva ya nzi hupitisha umeme kama yetu, hutumia kemikali zilezile kuwasiliana, kama dopamini, asetilikolini na GABA, na imezungukwa na seli za glia zinazoitunza. Ukichukua jeni zinazojulikana kuhusika na magonjwa ya binadamu, takriban asilimia 75 zina jeni ya ukoo mmoja kwa nzi.

Na virusi vikiingia kwenye neva, tatizo liko hapohapo kwenye seli moja. Ukipata mafua, mwili unaweza kuua seli za koo zilizoambukizwa kwa maelfu, kesho zikazaliwa nyingine. Neva haina anasa hiyo. Nyingi kati ya zile ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Mwili ukiziua ili kuua virusi, umeumaliza ubongo wenyewe. Hivyo swali ni hili: seli ya neva inawezaje kuviondoa virusi huku yenyewe ikibaki hai? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali kubwa katika somo zima la virusi vya ubongo, na ndilo ambalo nzi amelijibu vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nianze na Zika, kwa kuwa ndiyo mliyokuwa mkiisoma. Virusi hivi vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947 kwa tumbili aina ya rhesus aliyewekwa kwenye kizimba katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Damu yake ilidungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua. Yaani tangu siku za mwanzo ilionekana kwamba virusi hivi vina tamaa na ubongo, ingawa kwa watu vilionekana kuleta homa ndogo tu na vipele. Miaka karibu 70 ikapita. Mwaka 2015 Brazil ikaanza kupata watoto wengi wanaozaliwa na vichwa vidogo isivyo kawaida, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Ndipo kikundi cha Sara Cherry, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilipomchukua nzi. Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, haina makeke. Nzi hulazwa juu ya kibao chenye vitundu vinavyopitisha hewa ya kaboni dayoksaidi, wakalegea na kulala chali. Chini ya hadubini, mtafiti huwageuza kwa brashi laini ya rangi za maji, kisha huwadunga mmoja mmoja kwa sindano ya kioo iliyovutwa kwenye moto hadi ncha yake ikawa nyembamba kuliko unywele. Wakiamka hurudishwa kwenye vichupa vyao, nyuzi joto 25. Siku kadhaa baadaye ubongo hutolewa kwa vibanio viwili, unapakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa, na palipo na virusi panawaka.

Ubora wa nzi si kwamba anaambukizika. Panya pia anaambukizika. Ubora wake ni kwamba unaweza kumzimia jeni moja, mahali pamoja. Kwa mbinu iliyojengwa juu ya ile ambayo watafiti Andrea Brand na Norbert Perrimon waliichapisha mwaka 1993, mtafiti anaweza kuagiza jeni fulani inyamazishwe kwenye neva peke yake, au kwenye glia peke yake, na kwingineko mwilini ikaendelea na kazi kama kawaida. Hifadhi ya nzi iliyoko Bloomington, Indiana, inatunza makumi ya maelfu ya koo za nzi za namna hiyo. Unaandika barua pepe, unatumiwa vichupa kwa posta. Kizazi kimoja kinachukua kama siku 10. Kwa panya ungesubiri miezi miwili na ushei, na bajeti ya chakula peke yake ingekutoa jasho.

Walichokiona na kukichapisha mwaka 2018 ni mfuatano huu. Zika ikiingia kwenye ubongo wa nzi aliyekomaa, inaamsha protini za familia ya NF-kB, zilezile ambazo kwetu huwasha jeni za kinga pale mwili unapohisi hatari. Hizo zinaongeza protini nyingine iitwayo STING. STING nayo inachochea autofaji: seli inajitengenezea vifuko vidogo, inavifunga kuzunguka vitu visivyotakiwa ndani yake, inavimeng'enya, na seli yenyewe inabaki salama. Walipoizima autofaji, virusi vikaongezeka kwenye ubongo na nzi wakafa. Walipoichochea kwa dawa, nzi wakapata kinga.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali nililoliita kubwa. Neva haijiui wala haiuawi. Inakimeza kilichoivamia.

Kinachonifurahisha zaidi katika matokeo hayo ni STING. Kwa binadamu tuliizoea kama mlinzi anayepewa habari za DNA iliyo mahali pasipostahili na kuita intaferoni, silaha yetu kubwa dhidi ya virusi. Nzi hana intaferoni hata kidogo. Lakini STING anayo, na inafanya kazi. Maana yake huenda kazi ya kale ya protini hii ilikuwa kuchochea seli kumeza wavamizi, na intaferoni ilikuja baadaye sana. Huwezi kuliona hilo ukimchunguza panya tu, kwa sababu kwa panya intaferoni ina kelele nyingi kiasi kwamba kazi ya zamani inafunikwa. Wakati mwingine mnyama mwenye vitu vichache anafaa zaidi kuliko mwenye vingi.

Mtu atauliza: je, hayo si ya Zika tu? La. Miaka minne kabla yake, mwaka 2014, kikundi hichohicho kilishachapisha habari kama hiyo kuhusu homa ya Bonde la Ufa. Huu ugonjwa wafugaji wetu wanaujua. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliziumiza Kenya, Somalia na Tanzania. Watu wengi wanaoupata huishia na homa, lakini wachache sana, chini ya asilimia moja, hupata uvimbe wa ubongo. Kwa nzi, autofaji ilipozimwa virusi vya homa hiyo vilistawi. Na ilipochochewa kwa dawa kwenye seli za mamalia, virusi vilipungua. Hatua hiyo ya pili, ya kutoka kwa nzi kwenda kwa mamalia, ndiyo ninayoitazama kwanza kila ninaposoma utafiti wa nzi. Isipokuwepo, nafurahia habari lakini siipeleki mbali.

Kuna hadithi ya pili, nayo inahusu vichwa vidogo moja kwa moja. Maabara ya Hugo Bellen huko Houston, Texas, ilikuwa ikichunguza jeni za nzi ambazo zikiharibika nzi hafiki utu uzima. Mwaka 2014 walieleza moja yao: ikiharibika, buu wa nzi anakuwa na ubongo mdogo. Jeni ya ukoo huo kwa binadamu inaitwa ANKLE2, na kulikuwa na familia yenye watoto wawili waliozaliwa na vichwa vidogo, ambao jeni hiyo kwao ilikuwa na kasoro. Walipompa buu mgonjwa ANKLE2 ya binadamu, ubongo wake ukakua vizuri. Angalia tarehe: mwaka 2014. Brazil ilikuwa haijapata habari za Zika.

Kisha kikundi cha Nevan Krogan huko San Francisco kikapitisha protini za Zika, moja baada ya nyingine, kuona kila moja inashikamana na protini ipi ya binadamu. Protini ya Zika iitwayo NS4A ikakutwa imeng'ang'ania ANKLE2. Houston wakaiweka NS4A peke yake, bila kirusi kizima, ndani ya mabuu ya nzi. Bongo zikadogoka. Wakapunguza Ankle2 ya nzi, hali ikawa mbaya zaidi. Wakaongeza ANKLE2 ya binadamu, bongo zikarejea ukubwa wake. Hayo yalichapishwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kinachovurugika ni namna seli mama za neva zinavyogawanyika: zinapaswa kugawanyika kwa upande usio sawa, moja ibaki mama na nyingine ielekee kuwa neva, na mpangilio huo ndio unaoharibika.

Mwalimu, ukipata nafasi ya kuwaeleza wanafunzi jambo moja tu, waeleze hili. Mtoto aliyerithi jeni mbovu na mtoto aliyeambukizwa tumboni wanafika kwenye kasoro inayofanana kupitia mlango mmoja, na aliyetuonyesha mlango ni buu ambaye wengi wangemfagia pamoja na maganda ya ndizi.

Sasa mipaka, kwa sababu hapa ndipo magazeti hupotoka. Nzi hana kondo la nyuma, hivyo hawezi kutueleza Zika inavukaje kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hana kingamwili wala seli za T, wale askari wa kinga yetu, hivyo hasemi lolote kuhusu chanjo, wala kuhusu ile hali ambayo kinga yetu yenyewe inavamia ubongo na kuuharibu zaidi ya kirusi. Anaishi nyuzi joto 25, sisi 37. Na Zika haimpati porini. Sindano ndiyo inayomwingizia, ikiruka milango yote ambayo kirusi kingepaswa kuipita.

Hata kile kinachomlinda si cha kuigwa kwa pupa. Ishara za NF-kB ziliwaokoa nzi wenye Zika, lakini katika majaribio mengine, nzi ambao ishara hizo zinawaka ubongoni bila kuzimwa waliishia kuoza neva. Kinga inayookoa wiki hii inaweza kuua ikikaa. Vivyo hivyo dawa za kuchochea autofaji. Inayojulikana zaidi ni rapamaisini, na hiyo hospitalini hupewa watu waliopandikizwa figo ili kuidhoofisha kinga isikatae kiungo kipya. Ukisoma mtandaoni kwamba "dawa ya Zika imepatikana kwa nzi", ujue mwandishi hakufika ukurasa wa pili. Nzi anapunguza orodha ya watuhumiwa kutoka jeni maelfu hadi chache. Hukumu hutolewa kwingine, kwenye seli za binadamu, kwenye panya, na hatimaye wodini.

Kabla sijahamia jikoni, niwape wanafunzi wako kisa kimoja cha virusi ambavyo nzi anavipata bila kudungwa na mtu. Mwaka 1937 huko Ufaransa, Philippe L'Héritier na Georges Teissier waliona jambo la ajabu: nzi wa ukoo mmoja wakilazwa kwa kaboni dayoksaidi hawaamki. Wengine huamka wakaruka, hawa wanapooza na kufa. Baadaye ikajulikana ni kirusi, kikapewa jina la sigma, kinachorithishwa kupitia mayai na hata mbegu za dume, na kinachoshambulia neva. Kiko katika familia moja na kirusi cha kichaa cha mbwa. Baadhi ya nzi wana jeni inayowakinga, ref(2)P, na jeni hiyo ni ya ukoo wa p62 ya binadamu, protini inayobeba mizigo na kuipeleka kwenye vifuko vya autofaji. Undugu huo peke yake si ushahidi kwamba sigma humezwa kwa njia hiyo. Lakini ukiona mhusika yuleyule, autofaji, anajitokeza kwenye Zika, kwenye homa ya Bonde la Ufa na tena hapa, lazima utege sikio.

Yule aliyeuliza kuhusu ndizi za nyumbani, mwambie asiogope. Drosophila haumi wala hanyonyi damu. Zika huenezwa na mbu aina ya Aedes, wale wa mchana. Homa ya Bonde la Ufa huenezwa na mbu, na zaidi hupatikana kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa, na huenda kwa kunywa maziwa yake mabichi. Sigma ni ya nzi, haina habari na mtu. Vijinzi vya jikoni vinaweza kuchukua bakteria kutoka kwenye taka na kuziacha juu ya chakula, kwa hiyo funika matunda, mwaga taka mapema, basi. Ukiona vimejaa ndani, tafuta ndizi au kitunguu kilichosahaulika nyuma ya kabati.

Kuhusu shule: virusi msiguse kabisa, ni kazi ya maabara yenye ulinzi. Lakini jaribio ambalo watafiti hulitumia kupima kama neva za nzi zimeumia, mnaweza kulifanya kwa chupa na rula. Nzi mwenye afya akiangushwa chini hupanda juu. Akizeeka au neva zikiharibika, anapanda polepole au anashindwa. Mategeni kwanza: ndizi iliyoiva sana na chembe za hamira ndani ya chupa, juu yake faneli ya karatasi yenye tundu dogo. Siku mbili tatu mtakuwa nao wa kutosha. Wapikieni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira, mwekee agar (unga wa kugandisha) kama maabara yenu inayo, umwage kwenye chupa, ukipoa ingizeni nzi na kuziba kwa pamba. Mahali penye joto la wastani mtaona mabuu, kisha pupa ukutani mwa chupa, kisha nzi wapya, ndani ya wiki mbili.

Watengeni nzi waliotoka wiki hiyo na wale wenye wiki tano. Msitafute kaboni dayoksaidi. Dakika chache kwenye barafu zinatosha kuwalegeza ili muwahesabu, na dume mtamtambua kwa tumbo lake jeusi upande wa nyuma. Wapeni angalau saa moja wapate nguvu. Kisha nzi 10 kwenye kila mrija mrefu unaopenyeza mwanga, mstari sentimita 8 kutoka chini, gongeni mrija mezani wote waanguke, na mhesabu wangapi wamevuka mstari ndani ya sekunde 10. Rudieni mara tano kwa kila kundi, mchukue wastani. Kama kuna mwanafunzi atakayetaka kuendelea zaidi ya hapo, mpe jina la DrosAfrica: wamekuwa wakiendesha mafunzo ya nzi kwa watafiti wa Afrika, na mengi ya mwanzo yalifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika Kampala International University.

Mkimaliza, chupa nzima iingie kwenye friza usiku kucha kabla ya kuoshwa, la sivyo staffroom itajaa nzi na wa kulaumiwa utakuwa wewe.